Jekundu la Palma

Ukivuka mto Ruvuma kutoka Kilambo, Tanzania, upande wa Msumbiji hukuti kituo cha mabasi. Unakuta mchanga, banda la chai, ofisi ya uhamiaji ya Namoto, na magari. Karibu yote ni pikapu za Land Cruiser, zimepangwa ubavu kwa ubavu, pua zikielekea mtoni, na kila moja ina vijana wake wa kukamata begi lako kabla hujatia mguu nchi kavu. Siku niliyovuka mimi, pantoni lilikuwa limelazwa kwa sababu maji yalikuwa machache. Tukavushwa kwa boti ndogo ya mashine, ikizunguka mafungu ya mchanga na kuwaachia viboko nafasi yao. Nilishuka nimelowa hadi magotini, lakini sikukimbilia kuuliza nauli. Nilianza kuyatazama yale magari moja moja, kama mtu aliyekata tiketi ya maonyesho.

Na maonyesho hasa ndiyo yaliyokuwa pale. Foleni ipo, kijana mwenye daftari huita gari linalofuata, ila abiria naye ana macho, na mama mwenye magunia ya vitunguu hapandi chombo asichokiamini. Kwa hiyo kila dereva anapamba. Mmoja amebandika nembo ya Benfica kwenye kioo cha mbele mpaka amejibakishia upenyo wa kuchungulia barabara. Mwingine ameandika Mashallah ubavuni kwa rangi ya kijani, na chini yake, kwa Kireno, Deus na Frente, yaani Mungu mbele, kwa rangi nyeupe, ili kusiwe na wa kulalamika. Nganya, zile matatu za Nairobi zilizopambwa, zina muziki na runinga na michoro ya kukutoa macho, sibishani. Lakini nganya hupita lami. Hapa urembo unatakiwa ubaki mahali pake baada ya kilomita arobaini na kitu za mchanga na mashimo hadi Palma.

La mwisho kwenye mstari lilikuwa jekundu, boneti wazi, na watu wawili wameinamia ndani. Kwa mbali ungesema ni Land Cruiser ya kale tu, zile za mfululizo wa 40 ambazo Toyota walizitengeneza kuanzia 1960 hadi 1984. Hili lilikuwa lile refu la mizigo: kibanda kifupi mbele, kioo kilichosimama wima, milango yenye bawaba za nje, taa mbili za duara. Nikasogea. Nilitazamia kukuta dizeli ya lita 3.6 iliyokuja na magari ya namna hii miaka ya 1970. Nikakuta 1HZ.

Anayejua magari ya mashamba na mbuga ameshaelewa kwa nini nilisimama. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, waliyoanza kuitoa 1990, haina turbo wala kompyuta. Pampu yake inafunguka kwa spana, na fundi mwenye sikio zuri huirekebisha akiwa amefumba macho. Ndiyo injini iliyobeba nusu ya hospitali, misheni na kambi za uwindaji za Afrika Mashariki. Lakini haikuzaliwa na bodi hii. Mtu alikuwa amekata vishikizo vya injini ya zamani, akachomelea vipya, akasogeza rejeta mbele, akabadilisha gia nne kwa gia tano. Mshono wa kuchomelea ulikuwa mwembamba na umenyooka.

“Shikamoo mzee,” alisema kijana aliyekuwa ameshika tochi. Ndiye dereva.

“Marahaba. Injini hii mmeitoa wapi?”

“Ilikuwa ya gari lililopinduka kule njia ya Mueda. Tajiri akanunua mabaki. Fundi akasema, hii inaingia.” Akaifunga boneti taratibu, kwa mikono miwili. “Ikaingia.”

Bodi ya zamani, injini kubwa kuliko ile iliyokusudiwa: hiyo ndiyo kanuni iliyozaa yale magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, na vijana wetu huyajua kwa sinema na michezo ya kompyuta. Kwa toleo la mwaka 1964 wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwa kinara wao, walichukua gari la kawaida la ukubwa wa kati na kulitia injini ya V8 ya lita 6.4. Kampuni mama ilikuwa na sheria iliyokataza injini kubwa namna hiyo kwenye magari ya kiwango hicho. Wakaipitisha kwa mlango wa uani, wakiiorodhesha kuwa nyongeza ambayo mnunuzi anaweza kuichagua. Hivyo ikazaliwa GTO. Aprili mwaka huohuo Ford walionyesha Mustang New York.

Jambo linalonifurahisha mimi, mtu wa pwani hii, ni kwamba mwaka huohuo misuli ya Marekani ilikuja kupimwa Afrika Mashariki. Ford walileta timu ya Mercury Comet kwenye mashindano ya magari ya Safari ya 1964, magari yenye V8 ya lita 4.7 chini ya boneti. Yalikutana na tope letu. Mengi hayakufika mwisho. Mshindi alikuwa Peter Hughes na mwenzake Billy Young, katika Ford Cortina GT, gari dogo la kampuni hiyohiyo lenye injini ya lita 1.5. Mwaka uliofuata Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda na Volvo kuukuu ambayo ilikuwa imeshatumika katika mashindano yaliyotangulia. Barabara za huku hazijali nguvu ulizonunua. Zinataka kujua ulifanya nini na gari baada ya kulinunua.

Nguvu za Jekundu zilikuwa za namna nyingine. 1HZ haina mbio. Inavuta. Na mambo mengine yote yaliyoongezwa kwenye gari lile yalitokana na swali lililowahi kuulizwa njiani. Bomba la kuvutia hewa lilikuwa limepandishwa hadi juu ya paa kwa sababu msimu wa mvua vijito hufurika. Springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa vyuma mpaka gari likiwa tupu linainua makalio juu, na unaweza kupita chini yake ukitambaa. Bampa ni bomba nene la maji lililojazwa saruji. Ngazi ya kupandia ni nondo. Vioo vya pembeni vilinishinda kuvitambua: virefu, vizito, mikono yake ya chuma cheusi.

“Ifa,” dereva alisema.

Nikacheka. IFA W50 ni lori la Ujerumani Mashariki, lililotengenezwa Ludwigsfelde kati ya 1965 na 1990, na baada ya uhuru wa 1975 Msumbiji ililipokea kwa wingi kutoka kwa ndugu wa kijamaa. Miaka hiyo hiyo maelfu ya vijana wa Msumbiji walipelekwa kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani Mashariki, na wengine walirudi na pikipiki za MZ. Taifa lile limekwisha, lori limeoza mahali fulani nyuma ya ghala, vioo vyake vinamwangalia dereva wa Palma asigonge mbuzi.

Nilipanda nyuma kwa hiari yangu ingawa mbele palikuwa na nafasi ya kulipia zaidi. Nilitaka kuiona bodi ya mizigo, maana haikuwa ya chuma. Ilikuwa ya mbao, na haikuwa kazi ya seremala wa vitanda. Ubavu ulijipinda kidogo kwenda nje. Kwa ndani kulikuwa na mataruma yaliyopangwa kwa nafasi sawa, na viungo vya mbao vimezibwa pamba na mafuta. Aliyeitengeneza alikuwa fundi wa mashua. Chuma cha kiwandani kilikuwa kimeliwa na chumvi mpaka kikaisha, wakamwendea mtu ambaye kazi yake maisha yote ni kutengeneza vitu visivyoogopa chumvi. Alipewa vipimo vya chesisi, akafanya kile anachojua. Magunia yakakaa, kuku wakakaa, watoto wakakaa, na sisi wengine juu ya ukingo tukashikilia mabomba ya turubai. Mbao zinabana na kuachia gari linapojinyonga kwenye mashimo. Chuma kingepasuka kwenye mshono. Mgongo wangu unaweza kutoa ushahidi kwamba mbao zina huruma zaidi, ingawa si nyingi.

Barabara ya Namoto kwenda Palma inapita Kionga, kijiji kilichowahi kugombaniwa na mataifa makubwa kana kwamba kulikuwa na dhahabu. Wajerumani walikichukua 1894 ingawa kiko kusini ya mto, Wareno wakakirudisha 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mkataba wa Versailles ukathibitisha. Leo wakazi wa ukanda huu wanasema Kimakwe na Kiswahili, wana shangazi Mtwara na wajukuu Mocímboa da Praia, na nilipopita mimi mpaka ulikuwa jambo la kugonga muhuri. Gari likisimama, biashara inafanywa kwa Kiswahili, matusi kwa Kireno. Kionga tuliongeza abiria. Nilidhani haiwezekani. Utingo alituomba tuvute pumzi, akaingiza watu wanne na mtungi wa gesi.

Palma yenyewe iko juu ya ghuba ya Tungi, minazi kila upande, mji wa chini ukiteremka hadi pwani ambako mashua hupandishwa mchangani. Pale nilikutana na kinyume cha Jekundu. Gesi iligunduliwa baharini mbele ya pwani hii 2010, na kampuni zilipokuja zilikuja na magari yao: Land Cruiser nyeupe, mpya, zote sawasawa, kila moja ina mlingoti wenye kibendera na mkanda wa kung'aa ubavuni. Zilipita mjini zikifuatana kwa mwendo ule ule. Hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Halafu Jekundu likaingia sokoni na honi yake ya lori, na wavulana wakaliacha soka wakalikimbilia.

Nilikaa Palma kwa ajili ya gari lile, na sioni haya kusema. Mwenye mali ni mzee mfanyabiashara wa nazi na samaki wakavu, mtu wa maneno machache, ambaye aliponiona nazunguka gari lake na kamera alidhani nimetumwa na watu wa kodi. Dereva ndiye aliyenipeleka kwa fundi.

Gereji ni mwembe. Chini yake kuna shimo lililochimbwa la kuingilia uvunguni, benchi, mashine ya kuchomelea, jenereta, na kreti za vyuma vilivyopangwa kwa utaratibu ambao mwenyewe tu anaujua. Fundi alikuwa mtu wa makamo. Wazazi wake walikimbilia Mtwara wakati wa vita akiwa mdogo, akakulia kwenye gereji za kule, akarudi na Kiswahili cha Mtwara na spana zake. Aliponieleza kazi ya kuingiza injini, alinionyesha kwa mikono, kama vile injini ipo hewani mbele yetu: hapa ilikuwa inagusa, hapa nikakata, hapa nikasubiri pesa miezi mitatu. Spea zinatoka Dar es Salaam, zinashuka kwa basi hadi Mtwara, zinavuka mto ndani ya begi la mtu. Kimya cha kusubiri spea, alisema, ndicho kinachomfundisha fundi kutengeneza mwenyewe.

Kichwa cha gia cha Jekundu kilikuwa cha mpingo, kimechongwa sura ya mzee mwenye chale na mdomo mpana, kazi ya Mmakonde mmoja wa Mueda aliyelipa nauli kwa njia hiyo. Kila dereva anayeshika gia anamsugua mzee usoni, na pua yake imeshaanza kwisha.

Nimewahi kwenda Nairobi kutazama mashindano ya magari ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu 1970, na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Pale magari hupewa alama. Waamuzi hupita na karatasi zao, wakakagua bodi, viti, injini, hata tumbo la gari, na wenye magari huwa wamekesha wakisugua nati kwa mswaki. Usafi na hali njema ndiyo hoja, na wapenzi wa magari ya kale wanaozunguka pale huongeza sharti lao: gari liwe na kila kitu lilichotoka nacho kiwandani. Ninawaheshimu. Lakini nikiwa nimekaa chini ya mwembe ule niliona wazi kwamba Jekundu lingepata sifuri kila kipengele, na kwamba sifuri hiyo ingetolewa kwa sababu zilezile zilizonifanya nilale Palma badala ya kuendelea na safari. Wale Pontiac wa 1964 nao wangepata sifuri kwa mizani hiyo. Walifanya gari liwe kitu ambacho kiwanda kilikataza.

Nilimwambia fundi hivyo, nikidhani namsifu. Nikatoa simu nimwonyeshe picha za Nairobi. Alizipitia haraka zile za magari ya michezo: Jaguar, sawa, Mercedes, sawa. Mustang aliitazama kidogo, akauliza kama ni petroli, akaiacha. Kisha akafika kwenye Land Cruiser fupi ya rangi ya maziwa ambayo niliipiga picha kwenye maegesho nje ya uwanja, na mwenye nayo alikuwa amesimamisha kibao kilichoandikwa 1971. Akaikuza picha kwa vidole viwili.

“Hii si ya 71.”

“Imeandikwa.”

“Imeandikwa, ndiyo. Tazama uso.” Akanionyesha shoo, ule uso wa chuma unaozunguka taa. “Hapa kwenye taa pana pembe. Uso wa pembe umekuja 79. Kabla ya hapo ni duara. Wamevalisha gari la zamani uso wa mdogo wake.” Akaendelea kukuza. Akatazama vioo, akatazama bampa, akanirudishia simu kwa masikitiko ya mtu aliyeona kazi ya haraka. “Rangi nzuri lakini.”

Hapo nikaelewa mkono niliokuwa nauangalia. Mtu huyu aliyekata, akabandika na kubadilisha karibu kila kitu alikijua kila kitu kilivyokuwa mwanzo, mwaka kwa mwaka, na kila alipoacha njia ya kiwanda aliiacha kwa makusudi. Niliinuka nikaenda kutazama uso wa Jekundu kwa karibu. Duara. Chini ya rangi nyekundu kulikuwa na bati lililounganishwa vipande vipande, na upande wa kushoto mduara ulikuwa umelegea kidogo.

“Hiyo niliikunja mwenyewe kwa bati la pipa,” alisema nyuma yangu. “Yenyewe iliisha kwa kutu. Kila kitu nimekibadilisha na sijuti. Hiyo tu ndiyo natafuta ya kweli.”

Hayo yote yalikuwa kabla ya 5 Oktoba 2017, siku vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa na vita vipya vikaanza mkoani Cabo Delgado. Mocímboa ilitekwa Agosti 2020, ikakombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilivamiwa 24 Machi 2021. Watu walikimbia kwa miguu, kwa mashua, na msafara wa magari uliojaribu kutoka mjini ukashambuliwa njiani. Barabara niliyoipita juu ya ukingo wa mbao, tukibishana nani ameketi juu ya kuku wa nani, ikawa barabara ya kufikiriwa mara mbili hata kwa wenye silaha. Mwenye Jekundu hakungoja kuona. Aliliondoa mapema 2018, akalipeleka Pemba ya Msumbiji, na habari ya mwisho niliyopewa na dereva kwa simu ni kwamba linabeba samaki, limepakwa rangi upya, na mzee wa mpingo sasa hana pua kabisa.

Ila siku ile ya mwembe hakuna aliyeyajua hayo. Fundi aliposikia kwamba narudi Dar es Salaam alichana kipande cha boksi akaniandikia: shoo, ya duara, kabla ya 79, kutu ikiwepo iwe ya juu tu. Nikamwuliza bei ya mwisho ni ipi. Akasema bei tuiache, la muhimu nimwambie muuzaji kwamba gari lenyewe limekufa na nataka shoo ya kutundika ukutani, kwa sababu muuzaji akijua gari linatembea anakukamua.

Niliporudi Dar es Salaam nilizunguka maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani asubuhi nzima. Mwishowe kijana mmoja alipanda juu ya dari ya duka lake, akashuka na shoo ya duara imefungwa kwenye gunia, kijani ya jeshi, kutu ya juu tu. Akaifuta kwa kiganja, akanitazama.

“Gari lenyewe liko hai, mzee?”

“Limekufa,” nikasema. “Naitaka ya ukutani.”

Akaangalia viatu vyangu, akaangalia kipande cha boksi mkononi mwangu, akanitajia bei ya gari lililo hai.